Moshi una msimu wake kama mvua, mbona hatutangaziwi?

Ndugu Mhariri,

Naandika hii barua saa 10 usiku, mtoto wangu ndio kwanza amepata usingizi baada ya kuhangaika toka saa 6. Ana pumu. Miezi mingi ya mwaka anacheza na wenzake kama kawaida, inhela inakaa kwenye droo mpaka tunasahau iko wapi, alafu majani yakishakauka na watu wakaanza kusafisha mashamba basi kila usiku namwinulia mto, nawasha tochi ya simu, namwangalia pale katikati ya mbavu kama ngozi inaingia ndani akivuta pumzi. Nesi mmoja alinifundisha hilo miaka mitatu iliyopita, akaniambia dada usihangaike kuhesabu kikohozi, we angalia mbavu na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima, ukiona mbavu zinachorwa au anaongea maneno mawili anakatika, usisubiri kukuche. Toka siku hiyo sijalala usingizi wa kueleweka msimu wa moshi ukiingia. Mwaka huu umeingia juzi.

Nimeandika msimu na nimeandika makusudi. Hii hali inakuja kila mwaka wiki zile zile, mabua yakikauka, nyasi zikiwa kama karatasi, msitu ukipukutisha na upepo ukitulia. Kila mtu anajua itakuja. Mvua tunatangaziwa siku kadhaa kabla, joto tunatangaziwa, upepo mkali baharini unatangazwa, lakini moshi ambao unaingia kila chumba na kila pafu hakuna anayetuambia kesho utakuwaje, tunaamka tu tunakuta kilima cha ng'ambo hakionekani na shuka zilizoanikwa nje zina vidoti vyeusi vya majivu, tunaanza kuulizana imekuaje tena. Hiyo ndio sababu ya kukuandikia, na nina ombi kwako nitalifikia.

Kwanza hebu tuelewane huu moshi ni kitu gani manake wengi wanadhani ni harufu na macho kuwasha, ukinawa yameisha. Yale majivu ya kwenye shuka ndio yenye nafuu, ni makubwa, pua inayakamata unapiga chafya yanatoka. Shida ni yale usiyoyaona, wataalamu wanayaita PM2.5, chembechembe zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini (mikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Unywele wa kichwani una upana wa kama mikromita 70, kwa hiyo upange chembe karibu 30 ndio zifikie unene wa unywele mmoja. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu na nyingine zinapenya hadi kwenye damu, ndio maana siku za moshi hospitali hawaji wagonjwa wa kifua peke yao, wanakuja na wa moyo na wa kiharusi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha viwango vyake, likasema wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 (mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni) kwenye mita moja ya ujazo ya hewa na wastani wa mwaka mzima usizidi 5, wakati mwanzo ilikuwa 25 na 10, wakashusha kwa sababu ushahidi ulionyesha watu wanaumia hata pale tulipokuwa tunadhani ni salama. Sasa kwenye wiki za moto mkubwa vipimo vinapita 100, vinapita 200, na siku mbaya vinaenda juu zaidi ya hapo. Shirika hilo hilo linakadiria hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja, inahusika na vifo kama milioni 7 kila mwaka duniani. Sio vyote vya moshi wa mashamba, lakini mapafu ya mtoto hayaulizi moshi umetoka wapi.

Alafu pua inazoea. Siku ya kwanza unanusa unalalamika, siku ya nne hunusi kitu unasema leo afadhali, kumbe hali ni ile ile au imezidi. Mimi nimeacha kuiamini pua yangu natumia macho. Dirishani kwangu naona mti mmoja mkubwa, nyuma yake mnara wa simu, nyuma ya mnara kuna kilima. Kilima nikikiona na miti yake mtoto anatoka kucheza. Kilima kikibaki kivuli tu, acheze barazani bila kukimbia. Mnara ukipotea nafunga madirisha na hatoki mtu. Najua sio kipimo cha kitaalamu na asubuhi yenye ukungu kinanidanganya, lakini ndicho nilichonacho, na nadhani mzazi anastahili zaidi ya mti na mnara.

Kitu kingine ambacho wengi hatukijui ni saa. Saa mbaya mara nyingi ni alfajiri na asubuhi mapema. Kiangazi usiku unakuwa wa baridi, ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inapoa nayo, hewa yenye joto inabaki juu yake kama mfuniko juu ya sufuria. Moshi wa jana jioni unakosa pa kutokea, unalala nasi bondeni usiku kucha. Jua likishapanda, saa 4, saa 5 hivi, ardhi inapata moto, mfuniko unafunguka, moshi unapanda unatawanyika. Sasa watoto wanakimbia mazoezi ya shule saa ngapi? Asubuhi hiyo hiyo kabla ya masomo, na mtoto anayekimbia anavuta hewa mara kadhaa kuliko aliyekaa. Nilienda shuleni nikaomba wiki hizi chache michezo ihamie mchana, mwalimu alinisikiliza vizuri sana, mwisho akaniambia mama nakuelewa lakini sina karatasi yoyote ya kumwonyesha mkuu wangu, nitamwambia nini, kwamba mzazi mmoja ameangalia dirishani? Sikuwa na la kumjibu. Hana taarifa ya kushika mkononi na mimi sina.

Nije kwa wakulima, na hapa nawaomba wasomaji wenzangu tusikimbilie kutukana. Jirani yangu mmoja ni mkulima, mzee wa watu, mwanangu anamwita babu. Mwaka juzi nilimfuata shambani nikiwa na hasira zangu zote nikamkuta ameshika tawi bichi na ndoo ya maji, uso umejaa masizi, anakohoa kuliko hata mwanangu. Nikamwambia shikamoo mzee, mwenzio silali, mtoto anabanwa kila usiku. Akaitikia, akaketi chini kabisa pale kwenye tuta, akasema mwanangu hata mimi silali, nina wiki 2 toka nivune hadi nipande tena, kuyakata haya mabua kwa mkono nahitaji vibarua na hela ya vibarua sina, kuyafukia nahitaji trekta na trekta sina, kiberiti ninacho. Hasira iliniishia pale pale. Nilimsaidia kubeba ndoo nikarudi nyumbani.

Toka siku hiyo nimekuwa nasoma sana kuhusu hii ishu na nimekuta ni hivyo hivyo kwingine, mkulima anabanwa na muda. India ndio mfano unaouma zaidi. Majimbo ya Punjab na Haryana mwaka 2009 yaliweka sheria ya kuchelewesha kupanda mpunga ili kuokoa maji ya chini ya ardhi ambayo yalikuwa yanazidi kushuka, nia nzuri kabisa, lakini mpunga ukichelewa kupandwa unachelewa kuvunwa, na ngano nayo haisubiri, mkulima akabaki na wiki mbili tatu za kuondoa mabua ambayo mashine ya kuvuna imeyaacha yamesimama shamba zima. Akawasha. Na kwa sababu ya kuchelewa huko uchomaji ukasogea hadi mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati hewa imeshaanza kupoa na upepo umelala, ule mfuniko niliousema, kwa hiyo moshi unafika Delhi na miji mingine ya tambarare ile unakaa. Marufuku ipo, faini zipo, setilaiti zinauona moto, na bado mashamba yanachomwa. Kilichosaidia pale kiliposaidia ni mashine inayofungwa nyuma ya trekta, wanaiita Happy Seeder, inakata mabua na kupanda ngano humo humo kwa mpigo mmoja, mabua yanabaki juu ya udongo kama matandazo. Mkulima mdogo hawezi kuinunua peke yake, wanakodi kwa vikundi. Uingereza nako, kwenye England na Wales, walipiga marufuku kuchoma mabua mwaka 1993 na kilimo hakikufa, lakini wale walikuwa na matrekta. Huwezi kuchukua sheria ya mwenye trekta ukamwekea mwenye kiberiti ukategemea matokeo yale yale.

Na mkulima naye aambiwe ukweli wote wa shamba lake, manake nimesikia wengi wanasema moto unarutubisha. Ni kweli majivu yanaacha potasiamu na kupunguza uchachu wa udongo, ndio maana ukipanda mara baada ya kuchoma unaona mazao yamechangamka. Lakini naitrojeni iliyokuwa kwenye yale mabua karibu yote imeondoka na moshi, mbolea ambayo kesho utaenda kuinunua kwa hela, mboji haiongezeki, na vidudu vya juu juu vinavyolainisha udongo vimeungua. Nilipomwambia mzee hili alinyamaza kidogo akasema hilo la mbolea kuondoka na moshi hakuwahi kuambiwa na mtu, miaka yote hiyo.

Msitu nao una mambo yake. Kuna moto unaowaka chini ya ardhi kabisa, kwenye udongo wa mboji nzito uliojengeka kwa maelfu ya miaka, kama ule wa Sumatra na Kalimantan kule Indonesia. Wanachimba mifereji kukausha kinamasi wapande zao la biashara, kikishakauka kinawaka, na kikiwaka unamwaga maji juu moto unatembea chini, wiki na wiki, unafuka tu moshi mzito, mpaka mvua zije. Tarehe 21 Juni 2013 kipimo cha hewa cha Singapore, chenye mizani yake tofauti na zile mikrogramu, kilifika 401 wakati kuanzia 300 wanahesabu ni hatari, na moto haukuwa wao, ulikuwa ng'ambo ya bahari. Mwaka 2015 Indonesia iliungua hekta milioni 2.6 hivi. Nchi za kusini mashariki mwa Asia zilikuwa zimeshasaini mkataba wa moshi unaovuka mipaka toka 2002, Indonesia yenyewe ikaja kuuridhia 2014, miaka 12 watu wanakohoa wakisubiri iridhie. Na nchi tajiri hazijapona, Juni 2023 moto wa misitu ya Kanada uligeuza anga la New York kuwa la rangi ya chungwa mchana kweupe, moshi mwingine ukavuka bahari hadi Ulaya. Ukiwasha moto hujui utamfikia nani, na aliyefikiwa hajui alalamike kwa nani.

Na tusiseme ni mambo ya wenzetu, zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, hasa nyasi za savana. Ramani za setilaiti za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, zinaonyesha kila siku wapi kunawaka na mtu yeyote anaziangalia bure kwenye simu, utaona ule moto unahama na kiangazi, kaskazini ya ikweta kuanzia Novemba hadi Februari hivi, alafu katikati ya mwaka unashuka kusini. Mwaka baada ya mwaka. Unaweza kuuwekea kalenda kabisa.

Sisemi kila moto ni mbaya. Kaskazini mwa Australia wenyeji wa asili toka enzi wanachoma nyasi mapema, kiangazi kikiwa ndio kinaanza na nyasi bado zina unyevu, moto unatambaa chini chini, unazima wenyewe usiku, na unaacha mabaka yaliyoungua ambayo baadaye moto kichaa ukija unakosa pa kupita. Moshi wake ni mchache kuliko ule wa kiangazi kikiwa kimekolea. Kwa hiyo lini na vipi ina uzito kama kuchoma au kutochoma, na hapo ndipo ninapopataka Mhariri.

Kabla sijafika huko niwape wenzangu wenye watoto, wazee na wajawazito machache ambayo nimeyajua kwa shida. Kitambaa, hata kikilowanishwa, hakizuii zile chembe ndogo, wala barakoa ya kawaida ya hospitali inayoacha uwazi mashavuni, inayosaidia ni ile ya N95 au inayolingana nayo na iwe imebana uso kisawasawa, na kwa mtoto mdogo haibani vizuri kwa hiyo dawa yake ni kukaa ndani. Chagueni chumba kimoja, sio nyumba nzima, chenye madirisha machache, zibeni nyufa kwa nguo, mlale humo wote. Feni ya kawaida ukiifungia filta nzuri ya hewa, ile ya karatasi iliyokunjwa kunjwa, ukaziba pembeni kwa utepe wa gundi hewa isipite kando, inapunguza moshi wa chumba kwa kweli, usiiache tu ikiwaka peke yake. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, mishumaa, wekeni pembeni wiki hizi, manake ukishafunga madirisha unajifukiza mwenyewe. Msifagie majivu makavu, futeni kwa tambara bichi. Mchana upepo ukivuma na kilima kikaonekana fungueni kila kitu nyumba ipumue. Na mwenye pumu dawa yake ya kuzuia aianze kama daktari alivyomwelekeza kabla msimu haujaanza, asingoje abanwe, hili mimi mwaka wa kwanza sikulijua na mtoto alilipia.

Lakini ona, hayo yote yanataka mtu ajue mapema. Barakoa hununui siku ambayo duka zima limeisha, chumba huzibi saa 8 usiku mtoto ameshabanwa. Ndio maana ombi langu ni dogo na linawezekana. Kwenye ukurasa wako wa hali ya hewa, pale penye mvua na joto, tenga mistari minne ya moshi. Moto uko upande gani leo kwa mujibu wa setilaiti, upepo unaelekea wapi kesho, asubuhi itakuwaje na mchana itakuwaje, na nani abaki ndani. Wataalamu wa hali ya hewa wana upepo tayari, moto unaonekana toka angani, kinachokosekana ni mtu wa kuviweka pamoja vikasomeka na mama wa kawaida na mwalimu wa michezo. Yule mwalimu angekuwa na kipande cha gazeti lako mkononi angeingia nacho ofisini kwa mkuu wake.

Na mstari wa tano uwe wa mkulima. Jimbo la California kule Marekani wana siku zinazotangazwa kuwa za kuchoma na siku ambazo hairuhusiwi, wanaangalia kama hewa itapandisha moshi juu na kuutawanya au itaukandamiza chini. Sisi hata kabla ya sheria yoyote tungeweza kuanza kwa kumwambia mkulima ukweli, kwamba kesho hewa imelala, ukiwasha utawaua watu na wewe mwenyewe ukiwemo, keshokutwa kuanzia saa 5 upepo utainuka, kama huna namna kabisa basi subiri keshokutwa, choma kidogo kidogo, na zima kabla ya jioni. Hii haitoshi, najua, trekta za kukodi kwa vikundi bado zinahitajika na nitaendelea kuzidai kwa kila kiongozi atakayekuja kuomba kura. Lakini trekta zinataka bajeti na miaka, mistari mitano inataka wino.

Jana jioni nimepita kwa mzee. Mabua yake yamekauka, yako tayari, hajawasha bado. Nikamweleza kwamba nakuandikia barua na nitaomba nini. Akaniuliza hiyo siku ya upepo mzuri wataandika kwa herufi kubwa? Macho yake hayaoni maandishi madogo. Nikamwambia mzee usijali, nitakusomea mwenyewe kila asubuhi. Akasema basi wiki hii hatawasha, atasubiri gazeti.

Ni mimi msomaji wako wa kila siku,
Mama wa mtoto mwenye pumu